Kisu, kinoo au mashine? Vifaa vya kuanzia kutengeneza ridi za obo

Ridi, yaani ulimi wa mwanzi ambao mpiga obo huupuliza ili ala yake ilie, ikitengenezwa kwa mkono na fundi wa Ulaya au Marekani huuzwa dola 20 hadi 35, usafirishaji haujahesabiwa. Anayepiga kila siku huichosha kwa wiki mbili au tatu. Na ikishafika Nairobi, hakuna hakika kwamba italia kama ilivyolia kwa aliyeitengeneza. Huku tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ridi niliyoiona laini nikiwa pwani nimeikuta ngumu mdomoni siku mbili baadaye. Nikishuka nayo tena Mombasa hunyonya unyevu, hufunguka kinywa na kudai pumzi nyingi. Kwa hiyo mpiga obo wa huku, hata asiye na nia ya kuwa fundi, atashika kisu siku moja. Ndipo huanza maswali: kisu kipi, kinoo kipi, na kama kweli anahitaji yale mashine anayoyaona kwenye maduka ya mtandaoni.

Naandika kwa ajili ya anayeanza, mwenye obo yake na mwalimu wa kumwuliza hata kama ni kwa simu, na mwenye fedha ya kununua vichache tu. Msimamo wangu nausema mapema ili usome ukiujua: fedha iende kwenye kisu na kinoo, mashine zingoje, na mwanzi uwe mwingi kuliko vifaa.

Kwa ambaye hajawahi kuifungua ridi na kuitazama, ni ukanda mmoja wa mwanzi uliokunjwa katikati, ukafungwa kwa uzi juu ya kibomba chembamba cha chuma kilichovishwa koki (ile ya vizibo vya chupa), kisha ukakatwa pale kwenye kunjo ili zipatikane ndimi mbili. Ndimi hizo hukwanguliwa polepole mpaka ncha yake ibaki na unene wa milimita 0.1 hivi, au pungufu. Aliyekulia pwani amemwona jamaa yake kwenye zumari: nalo lina ulimi uliokunjwa na kufungwa juu ya kibomba, ila ulimi wake hutokana na jani la jamii ya mnazi. Wa obo ni mwanzi uitwao Arundo donax, na unaosifiwa zaidi hutoka mkoa wa Var, kusini mwa Ufaransa.

Kabla ya kununua chochote: unakwangua kwa mtindo gani?

Watu wengi huruka hatua hii kisha hujikuta na vifaa visivyoelewana. Iko mitindo miwili mikubwa. Ule wa Ulaya ni mfupi: unakwangua milimita 9 hadi 12 hivi kutoka kwenye ncha, sehemu iliyobaki unaiachia gamba lake, na ridi nzima pamoja na kibomba huishia karibu na milimita 72 au 73. Ule wa Marekani ni mrefu. Ulikuzwa na Marcel Tabuteau, Mfaransa aliyekuwa mpiga obo wa kwanza wa Philadelphia Orchestra kuanzia 1915 hadi 1954, na wanafunzi wake wakaueneza nchi nzima. Humo kisu hushuka karibu mpaka kwenye uzi, na ridi hukatwa hadi milimita 69 au 70.

Inua ridi ya Kimarekani mbele ya taa utauona mwili mzima: ncha inayopitisha mwanga kama karatasi, chini yake moyo wenye kivuli, kisha madirisha mawili ya mgongo yaliyotenganishwa na uti mwembamba katikati, na kingo mbili pembeni. Ya Ulaya haina madirisha hayo. Ina ncha, mteremko wenye umbo la herufi U au W, kisha gamba.

Hili linahusu ununuzi moja kwa moja. Mtindo wa Marekani una kazi nyingi ya kisu, kwa hiyo kisu chako ndicho kila kitu. Mtindo wa Ulaya unakubali msaada wa mashine ya kukwangulia, na kalibu zake za kukatia umbo mara nyingi huwa tofauti kwa upana. Kenya na Tanzania wengi wetu tumepitia mitihani ya muziki ya Uingereza, hivyo walimu walio karibu nasi huelekea upande wa Ulaya. Lakini video nyingi za mafunzo zilizoko mtandaoni ni za Wamarekani. Nimekutana na kijana aliyekwangua mgongo wa ridi kwa kufuata video, ilhali mwanzi alioununua ulikatwa umbo na kupimwa kwa ajili ya mtindo mfupi. Zililegea zote, moja baada ya nyingine, na akaamini kuwa mkono wake ndio mbaya. Fuata mtindo wa mwalimu anayeweza kuishika ridi yako. Ukiwa huna mwalimu wa karibu, mfuate yule unayeongea naye mara nyingi zaidi.

Mwanzi mzima, nusu kazi, au ridi iliyofungwa tayari

Kati ya mwanzi uliokatwa shambani na ridi inayolia pana safari ndefu. Unapasuliwa vipande vitatu kwa urefu, unakatwa kimo, unakombwa ndani mpaka unene wa katikati ufikie karibu milimita 0.58 au 0.60, unakunjwa, unakatwa umbo, unafungwa, ndipo unakwanguliwa. Maduka yanakuuzia mwanzi katika kila kituo cha safari hiyo. Unapochagua pa kuanzia, unakuwa umechagua pia vifaa utakavyohitaji.

Ridi iliyofungwa tayari lakini haijakwanguliwa hugharimu kama dola 8 hadi 12. Ukiinunua unahitaji kisu, kinoo, kibati cha kuingiza kati ya ndimi, mandreli (kijiti cha chuma chenye mpini kinachoingia ndani ya kibomba) ya kushikia na kigogo cha kukatia ncha. Basi. Kufunga amekufungia mwingine, na amefunga vizuri, kwa hiyo ridi ikikataa kulia unajua kosa liko kwenye kukwangua. Kwa anayejifunza hilo ni jambo kubwa sana, maana ridi mbaya haisemi imeumia wapi.

Mwanzi uliokwisha kukombwa, kukunjwa na kukatwa umbo huuzwa dola 3 hadi 5 kipande. Hapo unaongeza vibomba, uzi na nta, na unaanza kufunga mwenyewe. Ni rahisi kwa kila ridi, na vibomba vinatumika tena na tena: ridi ikifa unakata uzi, unakisafisha kibomba, unafunga mwanzi mpya. Baada ya miezi michache gharama ya ridi moja inakuwa ni ya ule mwanzi tu.

Mwanzi uliokombwa lakini haujakatwa umbo una nafuu ndogo ya bei, na unakudai kalibu ambayo peke yake inaweza kuzidi dola 150. Mwanzi mzima, wa bomba, ndio rahisi kuliko yote ukihesabu kwa kipande, lakini unadai mashine ya kukomba ambayo bei yake huanzia dola 1,000 na kupanda.

Ningekuwa naanza leo ningechukua kumi zilizofungwa, nizikwangue zote, hata zile nitakazoziharibu. Kisha ningehamia kwenye mwanzi uliokatwa umbo na kukaa hapo mwaka mzima au miwili. Wapo walimu wanaopinga: wanasema mwanafunzi aanze kufunga siku ya kwanza ili vidole vizoee. Nawaelewa, na anayekaa karibu na mwalimu wa namna hiyo afuate. Lakini anayejifunza peke yake Arusha au Kisumu hana wa kumwambia kama hewa inavuja kwa sababu ya uzi au kwa sababu ya kukwangua ubavuni. Mpe tatizo moja kwa wakati mmoja.

Kisu

Hapa ndipo nataka tukae.

Visu vya ridi, ukiacha majina ya mafundi, ni vya aina tatu. Cha kwanza kina tumbo lililobonyea pande zote mbili, kama wembe wa kinyozi wa zamani. Ni chepesi, makali yake ni membamba mno, na kwenye ncha ya ridi hakina mpinzani: unaondoa vumbi la mwanzi badala ya maganda. Lakini wembamba huohuo hufanya kiteteme ukikisukuma kwenye gamba gumu, na kikitetema huacha mistari ya kukatiza kwenye ulimi, kama barabara ya vumbi yenye matuta madogo madogo. Mistari hiyo haiondoki kwa urahisi, kwa sababu kila ukipita tena kisu huzama palepale.

Cha pili kina bapa upande mmoja na mteremko upande wa pili, mfano wa patasi. Ni kizito zaidi na hakitetemi. Gamba linatoka kwa mikupuo mirefu, na makali hudumu. Kwenye ncha kinahitaji mkono mwepesi kwa sababu uzito wake wenyewe unakata. Jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: kisu hiki kina mkono wake. Anayetumia mkono wa kushoto aagize cha kushoto, la sivyo mteremko utakuwa upande usiofaa na hatapata makali yanayokamata. Kile cha kwanza hakina shida hiyo.

Cha tatu ni kabari: ubao mnene wa chuma unaopungua sawasawa kutoka mgongoni hadi kwenye makali. Kinavumilia sana, kinapatikana kwa bei ndogo, na kinanolewa na yeyote aliyewahi kunoa kisu cha jikoni. Kwa kuondoa gamba kinafaa. Kwa ncha, nimejaribu na sikuridhika.

Mabingwa wengi hushika viwili: chenye mteremko kwa kazi nzito na chenye tumbo lililobonyea kwa kumalizia. Mwanafunzi mwenye fedha ya kimoja tu achukue chenye mteremko. Najua wapo watakaosema kinyume, hasa waliofundishwa Marekani, nao wana hoja: ncha ndiyo sauti, na kisu cha ncha ni kile cha kwanza. Sababu yangu ni kunoa. Mteremko ukishachongwa kiwandani unakuongoza wenyewe. Unaulaza kwenye kinoo na pembe tayari unayo. Chenye tumbo lililobonyea unakiinua mgongo kidogo tu kutoka kwenye jiwe, na huo udogo anayeanza hana namna ya kuujua. Pembe ikizidi kwa nyuzi chache, makali yanakufa.

Bei ya kisu kizuri huanzia kama dola 40 na huweza kupita 120. Majina utakayoyakuta ni Landwell, Jende, Chiarugi, Rigotti na Reeds 'n Stuff, na yote yametumika na wapigaji wanaoishi kwa kazi hii. Usihangaike sana na jina. Tazama mambo matatu: chuma kiwe kigumu cha kutosha kushika makali lakini si kigumu kiasi kwamba kinoo chako kinateleza juu yake, makali yawe yamenyooka, uyaweke juu ya rula ya chuma na usione mwanga chini, na mpini ukae mkononi bila kuuminya, maana utaushika saa nyingi.

Kisu cha ridi hukwangua kikiwa kimesimama wima juu ya mwanzi, hakikati kwa kulala kama tunavyomenya embe. Kinachofanya kazi ni ule ukingo mdogo mno wa chuma unaopinda kwenye makali wakati wa kunoa, usioonekana kwa macho lakini ukipitisha kidole gumba kwa kukatiza, taratibu, unauhisi ukikwaruza upande mmoja. Ukiisha huo, kisu bado kitakata karatasi lakini kitateleza juu ya mwanzi. Hapo mwanafunzi huanza kukandamiza. Na kukandamiza ndiko kunakopasua ncha.

Kinoo

Kisu cha dola 100 bila kinoo kizuri kitakuwa kimekufa kabla ya ridi ya tano. Bora kisu cha dola 40 na fedha iliyobaki iende kwenye jiwe.

Vile vinoo vyeusi vya pande mbili vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi vina chembe kubwa na ni vikali mno kwa kazi hii. Vinafaa kwa panga na shoka. Ukivitumia kwenye kisu cha ridi utapata makali yenye meno, na meno hayo utayaona yameandikwa kwenye ulimi wa ridi. Tafuta jiwe laini. Jiwe la mafuta liitwalo India, lile la daraja laini, limewatosha wapigaji wengi kwa miaka mingi. Jiwe la maji la daraja la 1000 ni zuri pia na linanoa haraka, ila hulika katikati na kufanya bonde, kwa hiyo lazima ulisawazishe mara kwa mara. Bamba la almasi halifanyi bonde, halihitaji mafuta, linachukuliwa safarini. Kosa lake ni kwamba likiwa jipya hula chuma kwa pupa. Vijiti vya kauri ni vya kurudishia makali katikati ya kazi, mikupuo minne mitano, si vya kuumba makali upya.

Chaguo langu kwa anayeanza ni bamba dogo la almasi la daraja laini au jiwe la India, pamoja na kijiti kimoja cha kauri kando ya taa.

Na kisu hiki usimpe fundi wa kunoa anayepita mtaani na jiwe lake la baiskeli. Naheshimu kazi yake na visu vyangu vya jikoni humpa yeye. Lakini jiwe linalozunguka hupasha chuma moto mpaka kinageuka rangi ya samawati kwenye makali, na kikifika hapo kimepoteza ugumu wake. Tena litafuta ule mteremko uliolipia.

Mandreli na vibomba: vinunue pamoja

Hapa nilipoteza ridi kumi na mbili. Nilipata mandreli iliyotumika, kwa bei nzuri, na vibomba nikaagiza kwingine. Kila ridi niliyofunga ilivuja. Nilibadilisha uzi, nikaongeza nta, nikazungushia utando wa kuziba hewa, nikamwambia mwalimu vidole vyangu havina nguvu. Akaniuliza swali moja: "Ncha ya mandreli inafika wapi ndani ya kibomba, mwanangu?" Nikatazama. Ilikuwa fupi kwa karibu milimita mbili. Kila nilipokaza uzi, mdomo wa kibomba ulioachwa mtupu ulikuwa unaminyika kidogo, ule mviringo wa yai unapinda, na mwanzi haukuweza kufunga pembeni.

Mandreli nzuri hujaza kibomba mpaka juu, ncha yake ikiwa sawa na mdomo wa kibomba, haikuchungulia nje wala haikuzama. Ikichungulia hupasua mwanzi. Kwa kuwa kila mtengenezaji ana mchongoko wake wa ndani ya kibomba, nunua mandreli na vibomba vya mtengenezaji mmoja, au vibomba ambavyo muuzaji anathibitisha vinaoana na mandreli hiyo. Usinunue mandreli ya kuotea.

Urefu wa kibomba wa kawaida ni milimita 47. Vipo vya 46 na 45 kwa anayetaka kupandisha sauti, lakini hilo ni la baadaye. Shaba au nikeli? Watu hubishana juu ya rangi ya sauti. Kwa mwanafunzi tofauti inayogusa mfuko ni koki: iwe laini, isiyo na mashimo, na iingie kwenye obo kwa kubana bila kulazimisha. Chukua vibomba vyote vya aina moja. Ukichanganya aina, hutajua kamwe kama ridi imebadilika kwa sababu ya kisu au kwa sababu ya kibomba.

Vitu vidogo, na vile unavyoweza kupata hapa hapa

Kibati cha kuingiza kati ya ndimi ni cha chuma au plastiki, bapa au chenye tumbo. Chenye tumbo hufuata mkunjo wa ulimi na huzuia pembe zisikwanguliwe kupita kiasi. Nacho ndicho ningependekeza. Bei ni ndogo, nunua viwili kwa sababu hupotea.

Uzi unaouzwa kwa wapiga obo ni nailoni imara. Uzi wa cherehani wa kawaida ni mwembamba, utakatika ukikaza. Wa kushonea makochi unafaa kabisa, nimeutumia zaidi ya mwaka. Nta ya nyuki ipo kwa wauza asali, kipande cha ukubwa wa ndimu kitakutosha miaka. Kwa kuziba hewa, badala ya ule utando wa utumbo wa ng'ombe unaoagizwa kutoka nje, tepu nyeupe nyembamba ya mafundi bomba huziba vizuri ukiizungusha mara mbili juu ya uzi na kupanda kidogo kwenye mwanzi.

Kwa kukata ncha wengine hutumia kisu kilekile cha kukwangulia. Usifanye hivyo. Kila mkato juu ya kigogo hula makali. Wembe wa kisu cha kukatia makaratasi, uliobadilishwa mara kwa mara, hukata safi na kisu chako kinapumzika.

Kigogo chenyewe ni kipande cha mti mgumu chenye uso uliovimba kidogo, upana wa sarafu kubwa au zaidi. Mimi nilimwomba mchonga vinyago anikerezee cha mpingo, akatumia kibaki cha kinyago alichokimaliza. Kila ninapokishika nakumbuka kwamba obo yenyewe ni mpingo. Mti huo, ambao ndio mti wa taifa wa Tanzania, huvunwa kusini mwa nchi hiyo na Msumbiji, husafiri mpaka Ulaya kuwa obo na klarineti, kisha huturudia kwa bei ambayo wachache wanaimudu. Tangu mwanzoni mwa 2017 jamii nzima ya miti hiyo imo kwenye mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokamilika zikaondolewa kwenye masharti hayo. Kigogo cha mpingo ni jambo dogo, lakini linanifurahisha.

Mikrometa ya saa ya kupimia unene wa ulimi ni kifaa kizuri na ghali. Kwa sasa rula ya chuma yenye milimita zinazosomeka, na taa ya meza, vinatosha. Zima taa ya chumba, weka ridi iliyolowa mbele ya ile ya meza, utaona palipobaki nene. Kwa urefu, pima kila mara na uandike kwenye daftari.

Boksi la vifaa au kimoja kimoja?

Maduka huuza boksi lenye kila kitu: kisu, mandreli, kibati, kigogo, uzi, pengine na mwanzi kidogo. Faida yake ni usafirishaji wa mara moja na ushuru wa mara moja, jambo ambalo huku si dogo. Katika yale niliyoyaona, mandreli na vibati huwa sawa na kisu ndicho kimebanwa bei. Ukiandikia duka, mengine hukubali kubadilisha kisu ukiongeza tofauti. Ikikubalika hivyo, chukua boksi. Isipokubalika, nunua kisu, mandreli na vibomba kwao, na vilivyobaki utavipata sokoni kwenu.

Kalibu na mashine

Kalibu ni kibati chenye umbo la ridi ambacho mwanzi uliokunjwa hufungwa juu yake na kukatwa pembeni kwa wembe. Umbo likiwa pana, sauti hushuka na huwa pana. Likiwa jembamba, hupanda na hubana. Ndiyo maana usinunue kalibu mpaka ujue umbo unalolipenda, na njia ya kulijua ni kununua mwanzi uliokatwa kwa kalibu mbalimbali, vipande vitano vitano, na kuulinganisha. Duka litakuandikia jina la kalibu kwenye pakiti. Hapo umejaribu kalibu sita bila kununua hata moja.

Mashine ya kukwangulia inavutia. Unaweka ridi, unazungusha mkono, inatoka na ncha iliyo sawa pande zote. Kwa mtu wa mtindo wa Ulaya mwenye maonyesho kila wiki ni ukombozi, na Wajerumani wanaziunda vizuri mno. Bei yake hufika maelfu ya yuro. Kwa mwanafunzi nasita kwa sababu mbili. Mashine hunakili umbo moja, na umbo hilo lilisawazishwa na mtu anayepuliza kwenye hewa nyingine. Mimi wa Nairobi bado nitamalizia kwa kisu. Na asiyejua kisu hataweza kumalizia.

Ya kukomba usiifikirie kwa sasa, labda kama mko wapiga obo wanne au watano mji mmoja na mnachanga. Mashine moja ya pamoja, inayokaa kwa mtu mmoja anayejua kunoa ule ubao wake, inaweza kulisha kundi zima. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zingeweza kuwa na moja kila mji. Hilo natamani nilione.

Mfuko wa dola 150

Ningeugawa hivi: kisu cha mteremko dola 50 au 60, jiwe 25, kijiti cha kauri 10, mandreli 25, vibati viwili na vibomba sita kwa kiasi kinachobaki. Kigogo, uzi, nta, tepu na rula nanunua hapa kwa shilingi. Ridi kumi zilizofungwa zisubiri mwezi ujao, kwa sababu mwezi wa kwanza una kazi nyingine: chukua ridi zako za zamani zilizokufa, zile ulizozihifadhi bila kujua kwa nini, na uzikwangue. Kata ncha kidogo, nyembamba kama unywele. Kwangua. Ipulize peke yake bila obo, sikiliza kama inalia kama kunguru au inafumba. Noa. Rudia. Ridi iliyokufa haina cha kupoteza, na kisu kipya kinahitaji mahali pa kuuzoea mkono wako.

Na ukibakiwa na dola 20 baada ya yote hayo, usiongeze kifaa. Agiza vipande vitano zaidi vya mwanzi.